Kichwa Changu Mapajani mwa Mama Malewa

Uso wangu leo nimeuacha Namatala, sokoni, karibu na wauza samaki wakavu. Atakayeuokota anirudishie, maana mwezi ujao nina shughuli nao.

Naandika nikiwa nimejibanza kwenye mgahawa mmoja hapa Mbale, mgongo nimewapa watu. Chai imepoa. Musa, mpigapicha wangu, amekaa mbele yangu na anacheka peke yake tangu tulipoingia. Nimemwambia aache. Ameshindwa. Kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe kabla hajawasimulia yeye, kwa sababu Musa huongeza chumvi, na hiki kisa chumvi kinayo ya kutosha.

Wanaonijua wananijua. Wengine: mimi ni Tenywa wa Walukuba, Jinja, yule wa kupiga video za harusi. Kiswahili nilikipata kwa majirani zetu Wanubi kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Miaka yote nikipiga maharusi wakikata keki, moyoni nasema siku moja nitatengeneza filamu yangu mwenyewe.

Nikatengeneza. Ya kwanza tuliipiga kijijini kwetu Budondo, na bunduki za mbao, mimi nikiwa jambazi mkuu. Nilipokuwa nakufa, kuku alipita mbele ya kamera na vifaranga wake wote. Tulipoionyesha watu walicheka pale pa kulia, wakasinzia pale pa kucheka. Nikaapa. Bunduki basi! Sasa nitasimulia cha nyumbani, ninachokijua.

Nikaandika filamu fupi hii: kijana anarudi kutoka kazi za Uarabuni na begi moja tu. Mama yake amekaa barazani anachambua malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Anamwona. Anasimama. Anamkumbatia, anamlisha, kijana analaza kichwa mapajani mwa mama. Imekwisha. Hakuna hata mlio wa risasi.

(Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa Mbale aliyeolewa Jinja. Mimi niliporudi kutoka Uarabuni nilikuta kaburi lishaota majani. Ndiyo maana niliiandika vile ilivyopaswa kuwa. Tuendelee, hiki ni kisa cha kuchekesha.)

Tamasha moja la filamu huko nje limeipenda sehemu niliyowatumia. Wanangoja tukio la mwisho tu, hilo la mama. Na kamera ni ya kuazima kwa bwana mmoja Mhindi mwenye studio kule Jinja, kesho inaenda harusini. Yaani ilikuwa ni leo au nirudi kwa maharusi na keki zao maisha yangu yote.

Sasa jambo la pili, mlishike vizuri. Nina mchumba hapa Mbale, Nambozo, fundi cherehani. Mwezi ujao wazee wangu wanakuja kwao kwa utambulisho. Na kwa wasio wa huku niwaeleze: kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Akitokea njia ile, wewe unaingia migombani mpaka apite. Mkitaka kuongea, anatafutwa mtu wa kati. Ukimgusa, wanasema mikono yako itatetemeka mpaka kaburini. Kwa hiyo mama yake Nambozo sijawahi kumwona. Picha yake moja nilionyeshwa kwenye simu, ameinama shambani, unaona mgongo tu. Mgongo wa heshima kabisa. Nikaambiwa anaishi mlimani, na ikanitosha.

Haya. Asubuhi tumefika Namatala, mimi na Musa na mizigo. Simu inalia. Ni yule dada mwigizaji aliyekuwa acheze mama.

"Kaka Tenywa, pole sana. Nimepata tangazo la sabuni."

"Lini?"

"Sasa hivi. Wananipaka poda."

Nikakaa juu ya begi la kamera. Musa akaniambia nisikae juu ya begi la kamera. Nikasimama. Mchezaji wa kijana tulikuwa naye, ni mimi, kwa sababu mimi ndiye pekee ambaye hajawahi kunikimbia. Lakini mama tungempata wapi?

Ndipo nikasikia sauti. Upande wa malewa kulikuwa na mama mmoja mfupi, mikono imejaza, anamfokea mteja: "Unashika, unanusa, unaweka! Malewa yangu ni mtoto wako? Ukishika tena bila kununua, nitakushika na wewe!" Mteja akanunua. Kisha yule mama akamwita arudi, akamwongezea fungu lingine bure, akimfokea vilevile.

Nikamwambia Musa, "Huyo."

Musa akasema, "Atatupiga."

Nikamwendea kwa adabu zangu zote. "Mama, habari za kazi."

Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe ni askari?"

"Hapana, mama."

"Kiswahili mingi hivyo ni ya askari. Sema, unataka ushuru ama unataka malewa?"

"Natafuta mama."

Wauza samaki wakaangua kicheko. Nikaeleza haraka: wa filamu, mama wa kuigiza, leo tu, hapohapo barazani nyuma ya duka, na kazi yake ni kuchambua malewa kama kawaida. Akafikiri.

"Nitatokea kwa TV?"

"Kwa kitambaa kikubwa kama ukuta, mama. Nje ya nchi."

"Watu ya huko wanakula malewa?"

"Hawayajui."

"Basi lazima wanione," akasema, akaanza kufunga biashara.

Jina nikamuuliza. Soko zima likajibu kwa niaba yake: Mama Malewa! Mimi nikaridhika. (Ndiyo. Sikuuliza zaidi. Mjinga aliyeenda shule ni mimi.) Alitaka kwenda kuvaa gomesi, lile gauni lake refu la kanisani, nikamsihi abaki na leso yake yenye masizi. Musa akampa maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, akaibana mwenyewe, akaipulizia, Musa akaruka na hedifoni zake.

Tukaanza. Mara ya kwanza alinikumbatia kama anapima gunia. Nikamwambia, "Mama, mimi ni mtoto wako. Miaka hujaniona. Ulidhani nimekufa."

"Mbona hukupiga simu?"

"Kwenye hadithi, mama."

"Hata kwa hadithi. Simu ziko."

Mara ya pili akanizaba kofi la mgongoni kwanza, kisha akanikumbatia. Halikuwa kwenye maandishi. Lilikuwa kofi zuri sana! Nikasema liache. Mara ya tatu akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akanifuta vumbi shavuni. Ulimi! Shavuni! Nikajiambia huyu mama ni kipaji kilichofichwa ndani ya magunia. Akanilisha malewa kutoka kwenye sufuria yake iliyokuwa jikoni pembeni, kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, na kila niliposema turudie hakuchoka, akanilisha tena. Nilikuwa sijanywa hata chai. Nikawa narudia matukio mengine kwa njaa tu.

Betri ikaisha. Musa akawa anabadilisha, sisi tumekaa barazani tukipiga soga. Mama akaniuliza natoka wapi. Nikasema Jinja.

Uso wake wote ukang'aa. "Jinja! Mkwe wangu ni wa Jinja. Anamuoa binti yangu, wazee wanakuja mwezi kesho."

"Hongera, mama!"

"Injinia. Ya kompyuta."

"Labda namfahamu."

"Huwezi kumfahamu. Yule ni mtu ya kazi." Akanipapasa goti kwa huruma. "Nyinyi watu ya kamera ni watu wazuri, lakini hamna kazi. Mimi binti yangu siwezi kumpa mtu ya kamera. Usikasirike."

Sikukasirika. Nikamwambia huyo injinia ana bahati kupata mama mkwe kama yeye. Nikamwambia hata mimi naoa mwezi ujao, hapahapa Mbale. Akasema Mungu amsaidie mama wa huyo msichana. Tukacheka pamoja mpaka akanishika bega.

(Najua. NAJUA. Nyinyi mmeshaelewa zamani. Mimi nilikuwa naangalia mwanga. Mwanga ulikuwa mzuri sana kwenye lile baraza, na Jinja ni kubwa, ina mainjinia.)

Betri ikawa tayari. Ya mwisho. Nikatembea na begi langu. Nikasimama. Yeye akainua macho kutoka kwenye ungo. Akainuka polepole, kofi likaja, mkono ukaja, na safari hii sikuigiza, jamani. Yule mama alikuwa ananuka moshi wa malewa na sabuni ya mche. Ilikuwa harufu ya mama yangu kabisa. Nikaanza kulia, kilio cha kweli, cha makamasi. Akanikalisha. Akanivuta kichwa akakilaza mapajani mwake, akanipapasa kisogo, akawa ananong'ona kitu kwa Kilumasaba, lugha ya watu wa Mbale. Wauza samaki wanafuta machozi na aproni. Kamera inameza kila kitu, na mimi nalia huku nikijua kwamba nimeipata filamu yangu.

"Mayi!"

Hivyo ndivyo watu wa huku wanavyoita mama. Nikafungua jicho moja. Nambozo amesimama mbele ya baraza na kapu la chakula. Alikuja kunishtukiza na chakula cha mchana, maskini. Nikatabasamu. Nikamwinulia mkono, kichwa bado kiko pale pale.

Nikaona hanitazami mimi. Anatazama juu yangu.

"Mayi," akarudia, sauti imekauka. "Huyo uliyempakata ni Tenywa."

Mapaja yaliyokuwa chini ya kichwa changu yakawa mawe.

"Tenywa gani?" yakauliza mapaja.

"Tenywa wangu."

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mama Malewa aliruka! Kichwa changu kikagonga sakafu. Akajifunika leso gubigubi, akapiga mbio nyuma ya magunia, akachuchumaa huko. Mimi nikafanya anachofanya mkwe yeyote mwenye adabu, nikageuka nikakimbia upande wa pili bila kutazama nyuma. Bila kutazama mbele pia. Nikaingia mzima mzima kwenye beseni la mama wa dagaa.

Wanawake wakapiga yowe. "Amemgusa mama mkwe!" "Amemgusa tu? Amelala juu yake!" "Amelishwa!" "Kalambwa shavu, mimi nimeona!" "Mikono itatetemeka huyo!" Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka.

Musa hakukata. Kazi ya kusema kata ni yangu, na mimi nilikuwa na dagaa sikioni. Kila kitu kipo, kwa picha safi kabisa.

Nikatambaa mpaka ukutani, nikachuchumaa, uso kwenye tofali. Ukutani hapo ndipo ilipokuwa mashine ya sauti. Nikachukua hedifoni alizoziacha Musa nikajivika, niepuke vicheko tu, wallahi. Nikasikia minong'ono. Maiki! Maiki bado ilikuwa kwenye leso ya mama mkwe, na Nambozo alikuwa ameingia nyuma ya magunia. Walikuwa wanasemezana kwa Kilumasaba, na kile mama yangu alichonifundisha kilinitosha.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, mayi."

"Injinia?"

Nikasikia kapu likiwekwa chini.

"Wa kompyuta?"

"Anayo kompyuta, mayi."

Nikajigonga paji la uso kwenye tofali. Kumbe mimi ndiye injinia! Nambozo aliona akisema ukweli nyumbani kwao nitakataliwa kabla sijafika. Nilitaka kukasirika, lakini mtu mwenye dagaa kwenye kola hana pa kuanzia.

Halafu mama akauliza, taratibu sana, "Na kile kilio? Mimi nilidhani wanalia uongo. Yule alilia mpaka nikaogopa."

"Mama yake alifariki yeye akiwa Uarabuni," Nambozo akasema. "Alirudi hakumkuta."

Nilisikia pumzi yake. Nilisikia leso ikisuguliwa kwenye maiki, kama anafuta kitu. Nikavua hedifoni. Kuna mambo hata mwana filamu hana ruhusa nayo.

Hapo nikauelewa mwenyewe ujinga wangu, na haikuwa ile aibu ya beseni. Kumbe yule wa mlimani hushuka kuuza malewa! Soko zima la Namatala limejaa akina mama, mimi nimemchagua yule mmoja tu ambaye nikimuoa binti yake siruhusiwi hata kumpa mkono. Nikimwacha binti, ni mama wa watu tu, nina sababu gani ya kwenda kwake. Asubuhi nilikuwa nimepata mama. Saa sita tayari kati yetu kulikuwa na ukuta.

Nikapiga simu Budondo, kwa baba yangu mdogo ambaye ndiye msemaji wetu. Nikaeleza. Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Kugusa, faini ni mbuzi mmoja," akasema mwishowe. "Kulala mapajani sijui. Sijawahi kusikia mtu aliyelala mapajani. Ngoja niulize wazee." Akakata.

Kesi ikaanza palepale. Musa akafanywa mtu wa kati, hedifoni shingoni, akasimama katikati ya baraza kama karani wa mahakama. Mimi naongea na tofali. Mama anaongea na gunia. Tunasikiana vizuri kabisa, lakini Musa lazima arudie.

"Mwambie mkwe alete mbuzi kabla wazee hawajaja."

"Anasema ulete mbuzi kabla wazee hawajaja."

"Mwambie nimesikia. Atakuja mbuzi."

"Anasema atakuja mbuzi, jike au dume?"

"Musa, hilo hajauliza!"

"Mimi ndiye nauliza, bwana."

Halafu mama akasema, "Mwambie, hiyo picha."

Hiyo picha ndiyo filamu yangu nzima. Sina nyingine kama hiyo, na sitaipata tena, kwani yule mama hataketi tena mbele yangu na mimi sitalia tena vile. Lakini nikamfikiria Nambozo, aliyejitwika uongo wa injinia ili tu nipewe kiti kwao. Na nikamfikiria huyo mama, ataishije na watu wanaomwangalia kwenye ukuta mkubwa akimpakata mkwe wake?

"Mwambie nitaifuta," nikasema. "Mbele ya macho yake. Samahani, mbele ya macho ya Nambozo."

Musa hakurudia. Aligeuka akanitazama. "Tenywa. Hiyo ndiyo filamu."

"Mwambie, Musa."

Hakukuwa na haja. Gunia likalipuka. "Afute? Mwambie akifuta, binti hapati! Nimeacha wateja, nimelia mbele ya soko, wauza samaki wamelia, halafu yeye afute? Watu ya nje wataniona wapi?"

"Anasema usifute," akasema Musa.

"Nimesikia, Musa."

"Na umwambie hivi." Sauti ikashuka. Hata wauza samaki wakasogea. "Mimi niliyemkumbatia leo ni mtoto ya mtu. Alirudi nyumbani, hakuna mtu mlangoni, nikamfungulia. Huyo nimemlisha na sijutii. Mkwe bado sijamwona. Na mkwe sitamwona mpaka nife."

Musa alifungua mdomo arudie. Musa wa Walukuba, mdomo usio na mlango, akabaki anameza mate. Na mimi tofali langu likawa halionekani vizuri.

Nambozo akaniletea maiki mkononi, bila kunitazama, halafu akashindwa, akacheka. Akasema kuhusu injinia tutaongea. Nikasema tutaongea. Akanitoa dagaa mmoja nyuma ya sikio.

Tulipokuwa tunafungasha, uso wangu bado ukutani, kifurushi kikaruka juu ya magunia kikatua miguuni kwa Musa. Malewa, yamefungwa kwenye jani la mgomba, bado ya moto.

"Mwambie yule mtoto amalize," akasema gunia. "Asubuhi alikula kama mtu ya njaa."

Nimeyala yote hapa mgahawani. Musa nimemnyima. Baba mdogo amepiga sasa hivi kutoka Budondo: wazee wamekaa, wameshindwa kukubaliana, wanasema lazima kwanza waione hiyo video.

Kwa hiyo nyinyi mnaotafuta sura halisi za kuigiza huko mitaani, msikilizeni mwenzenu: kabla hamjasema ekisheni, muulizeni mama binti zake wanaolewa na nani.